Mikungu Miwili Juu ya Kichuguu

Chama chetu cha mbio za pikipiki kiliamua kwamba msimu unaofuata daraja letu, la pikipiki za kawaida zinazofanya kazi barabarani, litakuwa na waendeshaji wanane tu. Tulikuwa kumi na wawili. Sababu yao ilikuwa ya kweli, sikatai. Lango la kuanzia lina nafasi nane, na wanne tulikuwa tukisimama mstari wa nyuma, tunakula vumbi la wenzetu tangu bendera inaposhuka. Wanane wenye pointi nyingi wangebaki na namba zao. Wanne wangezirudisha.

Mimi nilikuwa wa tisa. Wa nane alikuwa Abdulmajid, kijana wa kule Kihonda, na pointi zetu zilikuwa sawa kabisa. Aliwekwa juu yangu kwa sababu alikuwa ameshinda shindano moja, la mwezi wa nne, na mimi sijawahi kushinda hata moja. Siku ile alimaliza ameshika usukani kwa mkono mmoja, madigadi yake ya nyuma iliyovunjika ameibana kwapani, kwa sababu kanuni inasema unamaliza na kila ulichoanza nacho. Nilimpigia makofi. Lilikuwa jambo zuri kulitazama.

Sasa lilibaki shindano moja, Jumapili ya mwisho ya Novemba. Waliokuwa juu yetu hatukuweza kuwafikia, na waliokuwa chini hawakuweza kutufikia sisi. Nikimaliza mbele ya Abdulmajid, nabaki. Akimaliza mbele yangu, narudisha namba.

Nina miaka arobaini na moja. Naitwa Severini, lakini pale uwanjani naitwa Mzee Ndizi, hata na mtangazaji wa kipaza sauti. Jina hilo alinipa Abdulmajid siku ya kwanza aliponiona, kwa sababu ya utomvu wa migomba ulioganda kwenye koti langu. Utomvu wa mgomba hautoki, hata ufue vipi. Kazi yangu ni kushusha mizigo kutoka vijiji vya juu ya Mkuyuni hadi barabarani: ndizi zaidi, halafu mananasi, mdalasini, na mara nyingine mgonjwa. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Kutengeneza injini nilijifunza peke yangu. Nilikuwa nafungua, napanga kila kipande juu ya khanga kuukuu kwa mfuatano nilivyokitoa, na nachora kwenye daftari la shule kabla ya kugusa kinachofuata.

Pikipiki ninayo moja. Ijumaa ya kabla ya shindano natoa keria ya nyuma, nati nne, natoa taa na vioo, naweka kwenye kiroba. Jumatatu narudisha. Katikati ya siku hizo kuna saa moja au mbili ninapoendesha bila kitu chochote mgongoni. Ni Jumapili nane kwa mwaka. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini mtu mzima anahangaika na mchezo wa vijana, na jibu langu ni hilo tu, ingawa wengi hawalioni kuwa ni jibu. Ukibeba mikungu kila siku, unapopanda pikipiki tupu unaona kama umerudishiwa mwili wako.

Jumamosi ilikuwa kavu. Mimi na mke wangu Bernadeta tulikuwa tumefikia kwa dada yake huko Mazimbu tangu jana yake, na mikungu miwili aliyopanga kuipeleka sokoni Jumatatu tuliiacha barazani kwa dada. Nikaenda uwanjani kwa mazoezi, na kwa mzunguko wa kupimwa muda unaopanga nani ataanzia wapi.

Uwanja wetu uko nyuma ya mashamba ya mkonge, ukiacha barabara iendayo Dumila. Ukitoka langoni kuna sehemu iliyonyooka, halafu matuta matatu ya kuruka, halafu kona inayopita kando ya mkonge, halafu kilima kinachoitwa Kichuguu. Kichuguu ni kifupi lakini kimesimama, cha udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukishuka upande wa pili umefika kwenye mstari wa kumalizia.

Pale Kichuguu ndipo nilipoharibu. Mtu aliyezoea kupanda na kilo sitini nyuma anajua kwamba gurudumu la mbele litanyanyuka, kwa hiyo mlima unapoanza anatupa kifua chake chote juu ya usukani. Mwili unafanya wenyewe. Lakini kama nyuma hakuna kitu, ukitupa kifua mbele unalipunguzia tairi la nyuma uzito, nalo linazunguka hewani kama feni. Hili nalijua tangu msimu wa kwanza, na kila nikifika pale chini najikumbusha: kaa nyuma, Severini, huna mzigo. Jumamosi ile nilikuwa nawaza habari za Abdulmajid badala ya kujikumbusha. Nikatupa kifua. Tairi likazunguka, pikipiki ikageuka ubavu, ikazima, na mimi nikateleza nayo hadi chini mbele ya watu wote waliokuja na viti vyao.

Nikapangwa wa kumi na moja. Abdulmajid alipangwa wa tano. Yeye ni mwepesi, mwenye kipaji, na kama asingevunjika mtulinga mwezi wa sita na kukosa mashindano mawili, wala tusingekuwa tunagombania nafasi ya nane. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikuwa na ubaya naye. Alikuja pale nilipokuwa nachokonoa udongo kwenye klachi, akachuchumaa, akanisalimia kwa adabu kamili.

"Shikamoo, Mzee Ndizi."

"Marahaba."

"Leo vipi, umesahau mzigo nyumbani?"

Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa sababu alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Kisha akaniambia, bila kejeli sasa, kwamba kesho nisijiumize. Kwa umri wangu mfupa ukivunjika hauungi upesi, na yeye hangependa kuona mtu wa heshima zake anabebwa kwa ajili ya namba ya plastiki. Nadhani alimaanisha wema. Lakini wema ule ulinikaa vibaya kuliko kicheko. Nilimshukuru, nikaendelea kuchokonoa udongo.

Usiku mvua ilinyesha.

Alfajiri nilisimama barazani kwa shemeji nikitazama maji yakipita kwenye mfereji, mekundu. Milima ya Uluguru haikuonekana kabisa, ilikuwa imefunikwa na wingu hadi miguuni. Nikawaza kuhusu Kichuguu kikiwa kimelowa. Halafu nikawaza kuhusu kwetu. Kule juu ya Mkuyuni siku ya mvua hakuna anayepanda mtupu. Kila mwenye pikipiki anajua. Kama huna mzigo wa kupandisha unaomba abiria, na ukikosa abiria unafunga mawe kwenye keria, kwa sababu tairi la nyuma linahitaji kukandamizwa ndipo liume tope. Wageni wakituona tumebeba mawe kupanda mlimani wanadhani tunajenga.

Mikungu ilikuwa pale pale barazani, imeegemea ukuta.

Bernadeta alitoka na chai, akaniona ninavyoitazama. Hakuniuliza ninawaza nini. Alisema tu kwamba hizo ni ndizi za sokoni na zikichubuka hakuna atakayezinunua. Nikasema najua. Akasema watanicheka. Nikasema wananicheka tayari. Akanywa chai yake hadi nusu, akaweka kikombe chini, akaenda kuleta kile kiroba chenye keria na nati nne.

"Kama unabeba, nafunga mimi," alisema. "Wewe ukiwa na haraka unafunga ovyo."

Alifunga kwa mipira ya tyubu, mkungu mmoja kila upande, mikia yake ikitazama nyuma, akapitisha mipira mara tatu chini ya keria na kuivuta huku ameweka goti kwenye tairi. Nilienda naye uwanjani hivyo hivyo, yeye amekaa juu ya keria katikati ya mikungu, kama tunavyoshuka siku zote kwenda sokoni.

Kicheko kilianzia getini, kikatutangulia hadi kwenye mahema. Mtangazaji alitangaza kwamba soko limefunguliwa. Mtu mmoja akauliza bei ya mkungu, mwingine akaniambia nimekosea njia. Abdulmajid aliweka mikono kichwani, akacheka mpaka akainama. Bernadeta alishuka, akatengeneza khanga yake, akasimama kando ya pikipiki kama mtu anayengoja zamu yake zahanati. Mimi nilienda kwa Mwalimu Rahel.

Mwalimu Rahel ndiye msimamizi wa mashindano. Alifundisha hesabu miaka thelathini kabla ya kustaafu, na kitabu cha kanuni anakiweka kwenye mfuko wa nailoni ili kisilowe. Nilimweleza nataka kufanya nini na kwa nini. Alisoma kanuni zote kuanzia ya kwanza, kwa kidole, hakuruka hata moja, na watu wakawa wanazidi kusogea. Alipomaliza alisema haoni mahali palipokatazwa mzigo. Akasema pia kwamba kuna kanuni ya kumaliza na ulichoanza nacho, na kwamba kwake mzigo ni sehemu ya ulichoanza nacho.

"Hata ndizi moja ikidondoka?" Abdulmajid aliuliza, na watu wakaangua kicheko.

Mwalimu Rahel hakucheka. Alifikiri.

"Ndizi moja siwezi kuihesabu," alisema. "Chane naweza."

Akaja mwenyewe hadi kwenye pikipiki, akahesabu chane, upande wa kushoto tisa, upande wa kulia nane, akaandika kumi na saba kwenye karatasi, akanifanya nitie saini. Akaniambia kwamba chane moja ikibaki uwanjani, jina langu litakuwa chini ya wote, hata nikimaliza wa kwanza. Nikasema nimeelewa. Alinitazama kidogo juu ya miwani yake, halafu akauliza kama nina uhakika. Wakati ule Abdulmajid alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Nikamjibu Mwalimu kwamba namba yangu ni ishirini na saba na sijaja kuirudisha.

Mizunguko ilikuwa kumi. Bendera iliposhuka, wenzangu wote waliondoka na mimi nikabaki nyuma kama lori. Kwenye matuta wao waliruka. Mimi niliyapanda na kuyashuka moja moja, polepole, kwa sababu mkungu hauruki. Nilikuwa wa mwisho peke yangu, na nilisikia mtu akipiga mluzi kama anayeita mbuzi.

Halafu tukafika Kichuguu.

Watatu wa kwanza walipita kwa mwendo waliokuja nao. Wa nne akakwama katikati, na nyuma yake wakarundikana wengine, matairi yakizunguka na kurusha tope hadi kwenye mahema. Mimi nilikuja na gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Mlima ulipoanza, mwili ukatupa kifua juu ya usukani, na safari hii sikuuzuia. Nilisikia tairi la nyuma linakaa. Ni sauti ninayoijua kuliko sauti ya kengele ya kanisani kwetu: injini inashuka, inakohoa, halafu inashika. Nikapanda kando yao nikiwa na mikungu yangu, nikipita mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama mtu.

Walinipita tena kwenye sehemu iliyonyooka, karibu wote. Nami nikawakuta tena Kichuguu. Ndivyo ilivyokuwa mzunguko baada ya mzunguko: mbio zao, mlima wangu. Lakini kila walipokwama walichoka kusukuma, na udongo ulizidi kuchimbika. Wawili wakaacha kabisa. Abdulmajid peke yake alitumia akili. Aligundua ukanda wa majani pembeni kabisa mwa njia, akawa anapandia pale. Mzunguko wa sita majani yale yalikuwa yamekwisha. Mzunguko wa nane nilimkuta ameshuka, anaisukuma pikipiki huku anaitukana injini, nikampita. Kicheko upande wa mahema kilikuwa kimenyamaza muda mrefu. Sikumbuki ni lini.

Mzunguko wa kumi nilikuwa mbele yake kwa umbali wa kutosha. Nilipanda tuta la kwanza, nikashuka. La pili, nikashuka. Kwenye la tatu gurudumu lilitua vibaya kwenye shimo, na mgongo wangu ukasikia upande wa kushoto umepungua. Si kwamba niliona. Ukibeba kwa miaka kumi na tisa unasikia kama mtu anavyosikia jino limetoka.

Nilisimama. Nikateremsha mguu wa kuegesha, ukazama kwenye tope, ikabidi niiegemeze pikipiki kwenye tuta. Chane ilikuwa nyuma hatua kumi au kumi na mbili, imelala ndani ya dimbwi. Nilirudi kwa miguu pembeni mwa njia. Wawili walinipita. Wa pili alikuwa Abdulmajid, na nilimwona akigeuza kichwa kunitazama nimeinama kwenye maji naokota ndizi. Watu walikuwa wananipigia kelele kutoka kwenye mahema niiache, nipande, niende. Sauti moja tu ilikuwa inasema kinyume, na niliijua.

"Fungua koti! Iweke kwenye koti!"

Nilifungua zipu, nikaisukumiza ndani na baridi yake na tope lake, nikafunga hadi shingoni. Pikipiki ilikataa kuwaka mara mbili. Mara ya tatu ikawaka.

Kwenye kona ya mkonge nilimwona Abdulmajid mbele, anaukabili mlima kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Alifika katikati. Nikaona tairi lake linaanza kuzunguka, nikaona anakaa nyuma zaidi, na zaidi, hadi makalio yake yalikuwa nje ya kiti, juu ya tairi, akijaribu kuwa mzigo wake mwenyewe. Ilikuwa akili nzuri. Mtu mwenye uzito wangu pengine angefaulu. Nilikuja chini yake na gia ya pili, kifua mbele, chane ikinichoma mbavuni, na nikapita upande wake wa kulia karibu kiasi cha kugusana viwiko. Nilifika juu, nikashuka upande wa pili nimekanyaga breki, bendera ya mirabaraba ikashushwa mbele yangu. Nilikuwa wa sita. Abdulmajid alifika wa saba, muda mfupi baadaye, anahema kama mimi.

Mwalimu Rahel alikuja na karatasi yake. Akahesabu upande wa kulia, nane. Upande wa kushoto, nane. Nikafungua koti nikamkabidhi ya tisa. Alikuwa bado ameishika, tope likimchirizika mkononi, Abdulmajid aliposema kwamba anapinga. Alisema kwa utulivu, na helmeti kichwani. Alisema ile chane haikumaliza juu ya pikipiki, imemaliza ndani ya nguo, na mwendeshaji hawezi kubeba mfukoni vitu vinavyodondoka.

Niliona kwamba anayo haki ya kusema, kwa sababu mimi pia ningekuwa nafasi yake ningetafuta mlango. Nilikuwa na jibu, lakini sikupenda kulitoa mimi. Mwalimu Rahel ndiye aliyelitoa.

"Mwezi wa nne," alisema, "madigadi yako ilimaliza wapi?"

Abdulmajid akavua helmeti. Uso wake ulikuwa wa mtoto, niliona hivyo kwa mara ya kwanza.

"Kwapani," alisema.

"Na nilikuandikia wa kwanza."

Akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu Rahel akaandika alichoandika, akampa Bernadeta ile chane, akaenda kunawa mikono.

Baadaye, nilipokuwa nafungua mipira, Abdulmajid alirudi. Alisimama upande wa pili wa pikipiki, akagusa mkungu kwa kidole kama anayepima ukomavu wake.

"Ulisimama," alisema. "Mzunguko wa mwisho, na mimi niko nyuma, ukasimama kuokota ndizi."

"Ilikuwa imedondoka," nilimjibu.

Alionekana kungoja niongeze kitu. Nikaendelea kufungua mipira. Akaniambia kwamba nafasi zikifunguliwa tena atarudi, na mvua isiponyesha sitamwona ila mgongo. Nikamwambia huenda. Bernadeta alimpa ile chane yenye tope, kwa kuwa sokoni isingeuzika, naye akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante mama, akaondoka nayo imening'inia pamoja na helmeti.

Mwezi wa kwanza chama kilituletea kanuni mpya tutie saini. Iko moja iliyoongezwa mwishoni: mshiriki haruhusiwi kuingia uwanjani na mzigo wa aina yoyote. Waliokuwa na mimi mezani walinitazama kuona nitafanyaje. Nilisoma yote kuanzia ya kwanza, nikatia saini. Wengine wamesema imeandikwa kunikomoa, na inawezekana. Mimi sikupata kutaka kubeba ndizi pale. Nilibeba ili nisifukuzwe.

Msimu unaanza mwezi wa tatu, na mvua za masika zikiwahi, Kichuguu kitakuwa tope tena na mimi nitakuwa mtupu kama wengine wote. Siku hizi, nikimaliza kushusha mizigo jioni, natoa keria, nati nne, napanda tena hadi kwa mama yangu kule juu mlimani bila kitu nyuma, mvua ikiwepo. Wenzangu kijiweni Mkuyuni wananiuliza nimepatwa na nini. Naanguka sana. Juzi nilianguka mara tano kabla ya kufika penye msalaba wa njia panda, jana mara nne. Naiinua, nakaa nyuma, najaribu tena. Namba ishirini na saba iko kwenye pikipiki, mbele, na sijaitoa hata kwa siku za kazi.